TOCHI CHAFU, KABURI WAZI!

Kabla hujazama duarani, futa kibati. Na nyie wa mjini mnaopuliza mvuke msifungue ukurasa mwingine. Betri ni ile ile!

Jamani, giza la mjini ni giza la kitoto. Umeme ukikatika pale Shinyanga mjini bado una nyota, una taa ya bodaboda, una mwanga wa simu ya jirani anayetafuta kiberiti. Giza la duarani ni mambo mengine kabisa. Unafumba macho, unafumbua, hakuna tofauti. Unaweka kiganja mbele ya pua, hukioni. We acha tu!

Mimi nimelionja. Nilikwenda Geita, upande wa Rwamgasa, kumfuata binamu yangu ambaye siku hizi ni mchimbaji kamili. Nikajifanya mwanaume, nikasema na mimi nataka kuzama nikaone hiyo dhahabu inalala wapi. Binamu akacheka, akanifunga tochi kichwani, tukashuka. Ngazi za miti, matimba pande zote, jasho, vumbi. Tulikuwa tumeshaacha mdomo wa duara juu sana, umekuwa mdogo kama sahani ya chai, tukakata kona kuingia kwenye tundu la pembeni. Hapo ndipo tochi yangu ilipofumba jicho.

Nikaipiga kofi. Ikawaka, ikazima. Nikaipiga tena. Kimya!

"Binamu, usisogee hata hatua moja," nikasikia sauti. "Nyuma yako kuna shimo."

Ndugu msomaji, niliganda kama sanamu la Askari. Binamu akageuka, akanimulika na ya kwake, akanishika mkono kama mtoto wa chekechea. Nilipotoka juu, jua la Geita lilinipendeza kuliko siku zote nilizowahi kuishi.

Sasa sikiliza kasheshe yenyewe. Nikanunua betri mpya, nikaiweka, tochi haiwaki. Nikaazima betri ya binamu, ile ile iliyonitoa chini, haiwaki. Nikasema basi, tochi imekufa, tupa kule. Binamu akaniambia nisitupe, nikipita Kahama nimwone mzee mmoja anayetengeneza redio na tochi karibu na soko.

"HAIJAFA, IMENYIMWA KUOGA"

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, miwani imefungwa kwa uzi, mbele yake chungu ya redio zilizofunguliwa matumbo.

"Shikamoo mzee. Mwangaluka."

"Marahaba, mwangaluka kijana wangu. Lete huo ugonjwa."

Akaifungua tochi. Kwenye meno ya kufungia mfuniko mlikuwa na tope jekundu limekauka kama saruji. Ndani, kile kibati kinachogusana na kichwa cha betri kilikuwa na ukungu wa kijani. Springi imelala chali. Mzee hakuchukua waya wala chuma cha kuchomelea. Alichukua kifutio cha mwanafunzi, kile cha kufutia penseli, akakisugua kile kibati taratibu mpaka kikang'aa. Akapitisha mswaki mkavu kwenye meno, akaivuta springi kidogo kwa ncha ya kidole, akarudisha betri. Tochi ikaniwakia machoni nikaona nyota mchana.

"Haijafa," akasema. "Imenyimwa kuoga. Nyinyi vijana mnaoga mnatoka duarani, mnajipaka mafuta, mnakwenda disko. Tochi mnaitupa chini ya kitanda na tope lake. Kesho mnaivaa na kuikabidhi roho zenu."

Nikaona haya. Nikamwomba anifundishe, na yale aliyonifundisha ndiyo nayamwaga hapa leo, pamoja na mengine niliyoyachimba mwenyewe.

TULIKOTOKA

Wazee wa maduara watakuambia walianza na koroboi na mishumaa. Baadaye zikaja tochi za kawaida za betri kubwa za volti 1.5, mbili au tatu zimepangwa mstari, balbu ya waya mwembamba mbele. Mtu alikuwa anakata mpira wa tyubu ya baiskeli, anaifunga tochi pembeni ya kichwa, anazama. Balbu ikigongwa kidogo inakatika, na betri zinakula hela.

Mambo yakabadilika yalipokuja mapinduzi mawili. La kwanza ni taa za LED, ambazo hazina waya wa kukatika na zinakula umeme kidogo. Wajapani walioivumbua LED ya bluu, iliyowezesha kupata mwanga mweupe, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. La pili ni betri ya lithiamu ya kuchaji. Kampuni ya Sony iliingiza sokoni betri za namna hiyo mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, wakapewa Nobel ya Kemia kwa kazi yao juu yake.

Betri inayokaa ndani ya tochi nyingi za kichwani za kuchaji inaitwa 18650. Usitishwe na namba. Ni milimita 18 unene na milimita 65 urefu, basi. Ikijaa inakuwa na volti 4.2. Ni ndogo kuliko kidole gumba cha mwanaume wa kazi, lakini nguvu iliyomo humo si ya kuchezea. Zamani betri ikichoka ilikuwa inavuja uji tu. Hii ukiikosea inawaka moto.

KWA NINI UCHAFU UNAZIMA TOCHI

Umeme ni kama maji ya bomba. Yanatoka kwenye betri, yanapita kwenye kibati, yanaingia kwenye taa, yanarudi kwa njia ya springi na mwili wa tochi. Ukiweka tope au kutu mahali popote hapo njiani, umebana bomba. Taa inafifia, inapepesa, inazima.

Ubaya wa pili ni kwamba penye kubanwa ndipo panapopata joto. Tochi ikiwa ya moto karibu na kitako cha betri kuliko mbele kwenye taa, hiyo ni dalili. Usiseme ni kawaida yake.

Na ile tabia ya kuipiga tochi kofi ndiyo inayotuua. Ukiipiga unatikisa uchafu kidogo, chuma kinagusana, taa inawaka, unajidanganya imepona. Halafu inakuzimikia pale pale penye shimo. Tochi inayohitaji kofi haishuki duarani. Tuelewane hapo!

DAKIKA TANO ZA MZEE WA KAHAMA

Fanya hivi kila unapotoka chini, kabla ya kuoga wewe mwenyewe.

Kwanza, futa nje kwa kitambaa chenye unyevu wakati tochi bado imefungwa. Ukifungua na tope lake, unaliingiza ndani kwa mikono yako.

Pili, fungua, toa betri, iweke mahali pakavu peke yake. Kamwe usisafishe tochi yenye betri ndani.

Tatu, piga mswaki meno ya kufungia, kwanza mkavu, halafu wenye spiriti kidogo. Usitumie petroli. Inakula mpira na plastiki, na huko mnakokaa na viberiti ni kutafuta balaa.

Nne, safisha vibati. Vikiwa vimefubaa tu, kifutio cha penseli kinatosha. Vikiwa na kutu, msasa laini kabisa, mara mbili tatu, basi. Vibati vingi vimepakwa madini yanayozuia kutu. Ukivikwangua kama sufuria ya ugali unaondoa kinga yote, na kesho kutwa kutu inarudi na ndugu zake. Na sahau lile steluwaya la jikoni! Linaacha nyuzi ndogo za chuma, uzi mmoja ukikaa vibaya unapiga shoti.

Tano, kama tochi yako ni ya betri za kawaida na umekuta unga mweupe uliovuja kwenye betri za alkalaini, chukua kijiti cha pamba, chovya kwenye siki au ndimu, gusa ule unga mpaka uishe kuchemka, futa kwa kitambaa cha maji, malizia na spiriti, acha ikauke. Usiguse unga huo kwa vidole halafu ukajifuta macho.

Sita, angalia oringi, ule mpira mwembamba wa duara unaozuia maji. Ukiwa umepasuka, tafuta mwingine. Ukiwa mzima, upake mafuta ya silikoni kiasi cha kung'aa tu. Watu wengi wanapaka mafuta ya mgando ya kujipaka. Kuna mipira ambayo hayo mafuta yanaivimbisha, halafu maji yanapita kama mlango uko wazi.

Saba, kioo kisugue kwa maji ya sabuni na kitambaa laini. Ile LED yenyewe usiiguse kwa kidole.

Imekauka? Rudisha betri, washa, itikise kwa nguvu. Isipopepesa, imefaulu mtihani. Ikipepesa, rudia tangu mwanzo, na ikigoma mpelekee fundi.

BETRI: HAPA PUNGUZA UTANI

Nilimuuliza mzee, betri nzuri nitaijuaje? Akacheka, akanipa mbili nizipime kwa viganja. Moja nzito, nyingine nyepesi kama maganda ya karanga. Ile nyepesi ndiyo ilikuwa na maandishi makubwa: 9,900!

Hiyo namba ndiyo ujazo wake kwa miliampia-saa. Betri ya kweli ya saizi hii, hata zile bora, nyingi zinaishia kama 3,500, na uzito wake ni karibu gramu 45 na kitu. Kwa hiyo ukiona 9,900, huyo aliyeiandika alikuwa anacheza bahati nasibu na roho yako. Bora yenye 2,500 ya kweli.

Sasa angalia gamba lake, ile plastiki ya rangi iliyoizunguka. Watu wanadhani ni pambo. Mtu wangu, mwili mzima wa betri hii ni upande wa hasi, kuanzia kitako mpaka ukingo wa juu, na chanya iko pale pale katikati ya kichwa, jirani kabisa. Kinachowatenganisha ni hilo gamba na kipete kidogo cha kuhami. Gamba likichanika, chuma kikigusa, ni shoti, na shoti ya lithiamu ni moto. Betri iliyochanika gamba mpe fundi aivalishe jingine. Iliyobonyea, iliyovimba au iliyolala majini, hiyo imeshastaafu. Usiichaji tena.

Halafu kuna mtindo wa kuweka betri ya akiba mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Huo ni wendawazimu. Ivike kikopo chake cha plastiki, au hata mfuko mkavu peke yake, lakini isikutane na chuma.

Kwenye kuchaji, usiilalie. Chaja nyingi za bei poa hazijui kusimama betri ikijaa. Chaji ukiwa macho, juu ya sakafu au kigae, mbali na godoro na nguo, na mbali na mahali wenzako wanapotunza baruti. Ikijaa, chomoa. Usiiunge moja kwa moja na betri ya pikipiki au sola eti kwa sababu ina haraka. Betri ya lithiamu inayoendeshwa kwa haraka inafika kabla yako, ila inafika mbinguni.

Ikianza kutoa moshi, usiukaribie moshi huo, ni sumu. Kama uko juu, sogeza watu, mwagia maji mengi kutoka mbali kidogo. Kama uko chini, itupe mbali na wewe, na wote mtoke. Dhahabu imekaa ardhini miaka na miaka. Haitahama leo.

NA NYIE MNAOPULIZA MVUKE!

Nawaona mnacheka. Mmekaa kijiweni Kahama au Geita mjini, mmeshika vibomba vya kuvutia mvuke, mnasema habari za duara haziwahusu. Sawa. Fungua basi hicho kibomba, uangalie ndani kuna nini. Kama ni kile cha bomba tupu la shaba au chuma, kisicho na kompyuta yoyote ndani, kuna uwezekano mkubwa utakuta 18650. Karibu duarani!

Tena ya kwenu ni hatari kuliko ya mchimbaji. Tochi ya kichwani inavuta kama ampia 1 hivi, mara nyingi pungufu. Kibomba chako chenye koili ya omu 0.2, ukigawa volti 4.2 kwa 0.2, unapata ampia 21! Betri nyingi, hasa zile zinazochomolewa kwenye laptop zilizokufa, hazikutengenezwa kubeba mzigo huo. Na hakuna kitu cha kuikatia umeme ikizidiwa. Mlinzi ni wewe na kidole chako.

Sisemi kwa kutishia. Mei 2018, huko St. Petersburg, Florida, mtu mmoja alikufa baada ya kibomba chake kulipuka. Januari 2019, Fort Worth, Texas, kijana wa miaka 24 alifariki kwa namna hiyo hiyo, kipande kilimkata mshipa wa shingo.

Mimi sikushauri kuvuta, maana nikotini ni nikotini hata ikinukia embe. Lakini kama umeshaamua, walau kioshe. Toa betri kwanza. Fungua vipande vyote, osha vile vya chuma kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza, kausha kabisa. Shaba iliyofubaa sugua kwa ndimu na chumvi, kisha suuza tena usiache chumvi ndani. Sehemu za kugusana futa kwa spiriti. Kitufe cha kuwashia kibonyeze mara kumi. Kikinata, usikitumie, maana kitufe kinachonata mfukoni kinawasha koili bila wewe kujua. Vile vitundu vidogo ubavuni au kitakoni viache wazi. Ni vya kupumulia gesi betri ikichafukwa. Ukiviziba kwa uchafu umetengeneza bomu. Na plastiki inayotenganisha chanya na mwili wa kibomba ikiwa imeungua au imepasuka, kitupe.

TOCHI MOJA SI TOCHI

Nirudi kwa wanaume na akina mama wa kazi. Mnakumbuka Nyangalata, wilayani Kahama, mwaka 2015? Wachimbaji walifukiwa na kifusi mwezi Oktoba, na watano wakatolewa hai katikati ya Novemba baada ya siku 41. Arobaini na moja! Mnakumbuka pia Januari 2017, mgodi wa RZ Union huko Geita, watu 15 walitolewa wote hai baada ya siku tatu chini.

Hebu tupige hesabu. Betri ya kweli ya 3,000, ukiwasha mwanga mkubwa unaokula ampia moja, inakaa kama saa 3. Ukiwasha mwanga mdogo kabisa unaokula sehemu moja ya kumi ya ampia, inakaribia saa 30. Siku 41 ni saa 984. Hakuna betri ya kukufikisha huko, hata ungeioga kwa maji ya waridi. Lakini kati ya saa 3 na saa 30 kuna watu wanaoweza kufikia njia ya kutokea, au kufika mahali ambapo sauti yao inasikika juu.

Kwa hiyo sheria ya mzee wa Kahama ni hii: kila mtu anayezama awe na tochi mbili, zote zimeoga, na betri ya akiba kwenye kikopo. Mkiwa watatu mmekwama, inawaka moja tu, kwa mwanga mdogo, zingine zinalala. Na mkiwa mnapumzika, zimeni. Giza la kupanga haliogopeshi kama giza la kushtukiza.

Nilipomaliza kumsikiliza, nikamuuliza mzee ananidai kiasi gani. Akataja hela ya chai na andazi. Nikashangaa, nikamwambia mzee hiyo ni ndogo mno, umeniokoa.

"Sijakuokoa mimi," akasema. "Binamu yako ndiye aliyekuokoa, kwa sababu ya kwake ilikuwa safi. Mimi nimekufundisha tu ili siku moja na wewe umshike mtu mkono."

Nikamwambia wabeja sana, nikaondoka na tochi yangu inang'aa. Jioni hiyo nikampigia binamu kumweleza. Akasema yeye ameshaisafisha ya kwake tangu saa kumi, kesho anazama mapema. Akanikumbusha pia kwamba bado nina deni la betri niliyoazima.

Haya, mtu wangu, kabla hujafungua ukurasa wa mastaa, kaitazame tochi yako chini ya kitanda. Kifutio muombe mdogo wako wa darasa la tatu. Tukutane wiki ijayo, wote tukiwa juu ya ardhi!